Nani Alianua Nguo

Siku tuliyomzika mke wangu mvua ilinyesha mchana, na nguo tulizoziacha kambani hazikulowa. Ilinichukua miezi mitano kuliona hilo.

Tunaishi Musoma, katika mtaa ulio kati ya barabara ya lami na ziwa. Nasema tunaishi kwa mazoea tu. Siku hizi niko peke yangu, na watoto wetu wawili wana maisha yao Mwanza. Kwetu kwa asili ni Butiama, na huko ndiko tulikompeleka mama yao. Asubuhi ya mazishi mtaa mzima ulipanda mabasi madogo mawili, wengine wakafuata kwa pikipiki, na milango yote ikabaki imefungwa nyuma yetu.

Kwetu mtu haendi kuzika kwa sababu tu anampenda marehemu. Anakwenda pia kwa sababu asipokwenda ataonekana. Nami siku ile, nikiwa nimesimama kando ya shimo na udongo mkononi, nilihesabu nyuso. Si jambo la kujisifia, lakini nilihesabu. Nilipomaliza nikaona amekosekana mtu mmoja, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, muuza dagaa, ambaye mke wangu alikuwa akimwazima beseni na kuazimwa chujio kwa miaka kumi na zaidi.

Siku ya tatu alikuja. Tulikuwa tumerudi mjini, watu wamekaa kwenye mkeka uani kwangu, na yeye akaingia na bakuli la sato wa kuchemsha lililofunikwa sahani. Akaliweka chini, akanyoosha mkono.

"Pole sana, jirani," alisema. "Siku ile tumbo lilinikamata."

Angesema amepatwa na msiba wa kwao, ningemwelewa. Angesema gari lilimwacha, ningemwelewa. Lakini tumbo.

"Limepona?" nikamuuliza.

"Limepona, jirani."

"Basi rudi na samaki wako ukawale, lisije likauma tena kwa njaa."

Mzee mmoja akakohoa bila kuwa na kikohozi. Jirani alibaki na mkono wake hewani kidogo, kisha akautumia mkono huohuo kuliinua bakuli, akatoka. Nilijisikia vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na nililala usingizi usiku ule kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Kazi yangu ni kushona viti vya pikipiki. Naifanyia kibandani mbele ya nyumba, na cherehani yangu siku zote ilitazama geti la jirani. Wiki ile niliigeuza. Vijana wa bodaboda waliokaa kusubiri viti vyao wakanitania: "Fundi, mbona siku hizi unawapa watu mgongo?" Niliwaambia nafuata mwanga. Kisha, mmoja alipozidi kuuliza, nikamwambia huko nyuma anaishi Bwana Tumbo. Jina likashika. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nasikia watoto wakilitamka wakipita na ndoo.

Miezi mitano baadaye shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuja kutoka Bunda kugawa nguo za dada yake. Ni mwanamke anayeongea wakati wote, na mimi ni mtu wa kunyamaza, kwa hiyo tunaelewana. Alitoa nguo moja moja sandukuni, hii ya binti, hii ya shangazi, hii ya kuvaa mwenyewe. Mara akanyamaza. Alikuwa ameshika kitenge cha bluu, kile ambacho mke wangu alikwenda nacho hospitali na ambacho shemeji mwenyewe alikirudisha.

"Shemeji, hiki nani alikikunja hivi?"

Nikatazama. Hakikuwa kimekunjwa. Kilikuwa kimeviringishwa kwa urefu, kikakazwa kama mkate, na ncha yake ikachomekwa ndani ili kisifunguke.

"Si wewe?" nikasema. "Ulizifua wewe."

"Nilizifua mimi asubuhi ya mazishi, hiki na mashuka mawili, kwa sababu vilinuka dawa. Nikavianika. Tukapanda gari. Mvua ikatukuta kaburini, nikasema moyoni, nguo zangu zimekwisha. Tuliporudi nilizikuta barazani juu ya kiti, kavu, nikazitia sandukuni bila kuzitazama. Nikajua umemwacha mtu."

"Sikumwacha mtu. Nani abaki siku kama ile?"

Tukatazamana. Shemeji akasema labda ni malaika, akacheka, akaendelea kugawa. Mimi sikuweza kuendelea. Nilikitazama kile kitenge mpaka jioni. Tangu mke wangu aondoke nilikuwa sijataka kujua jambo lolote, hata bei ya mafuta wala nani ameoa. Sasa nilitaka kujua jambo moja. Mtu fulani alisimama uani kwangu siku ile, akaona wingu, akagusa nguo za mke wangu kabla hazijalowa. Nani?

Nilimuuliza mama wa uji. Huyu anauza uji wa ulezi kwenye kona yetu kila asubuhi, na ndiye mwenyekiti wa kikundi cha ulinzi shirikishi, yaani wakazi wenyewe wanaopeana zamu za kulinda mtaa bila malipo. Hakuna mlango asioujua. Nilidhani atanijibu huku anakoroga.

"Hilo ni swali la wanakikundi, Fundi," alisema. "Wewe si mwanakikundi."

"Mke wangu alikuwa mwanakikundi."

"Ndiyo. Na nafasi ya nyumba yenu iko wazi. Unataka sukari?"

Ni kweli, kila nyumba ilitoa mtu mmoja, na kwetu alikuwa mke wangu. Alikuwa akiamka alfajiri mara mbili kwa wiki, anachukua filimbi msumarini, anatoka. Mimi niliona ni kazi ya watu wanaopenda kuchungulia maisha ya wenzao, na nilimwambia hivyo zaidi ya mara moja. Hakuwahi kunibishia. Filimbi yake ilikuwa bado msumarini.

Niliichukua. Sitaki mtu adhani nilijiunga kwa kuupenda mtaa. Nilijiunga kwa sababu ya nguo.

Mama wa uji alinipangia zamu ya alfajiri, saa kumi na moja hadi jua linapotoka, saa ambayo akina mama wanashuka mwaloni, mitumbwi ya uvuvi inapofikia, kupokea dagaa na wanafunzi wa mbali wanaanza safari. Halafu akanitajia mwenzangu. Alikuwa muuza dagaa.

"Nibadilishie," nikasema.

"Humu hatuchagui mwenza."

"Mama, unajua kilichotokea."

"Mtaa mzima unajua. Mmoja atapita upande huu wa barabara, mwingine upande ule. Sikusema mpendane. Nimesema msiachane."

Basi tukatembea hivyo, yeye kushoto, mimi kulia, wiki tatu nzima bila salamu. Kutembea na mtu bila kusema kunakufanya uone. Niliona kwamba jirani husimama kidogo kila alfajiri mbele ya nyumba ya bibi mmoja mgonjwa wa miguu, mpaka asikie mlio wa sufuria ndani, ndipo anaendelea. Niliona anajua mbwa yupi ana kelele za bure na yupi akibweka kuna jambo. Siku moja mlango wa nyumba ya kupanga ulikuwa wazi saa kumi na moja na nusu. Mimi nilitaka kupiga filimbi. Yeye aliinua kiganja kunizuia, akatikisa kichwa, na baada ya dakika mbili akatoka dada mwenye mimba kubwa akienda chooni. Jirani akamwamkia, akamuuliza siku zimebaki ngapi, akamwambia akiona dalili apige ukuta wa mwenye nyumba. Mimi nilikuwa nimeishi mita mia moja kutoka kwa yule dada na sikujua kama yupo.

Asubuhi moja ya wiki ya nne upepo wa ziwa uligeuka ghafla ukawa wa baridi. Jirani alisimama, akatazama juu.

"Samahani," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu siku ya mkeka. "Mvua. Dagaa wangu wa jana."

Akakimbia. Nami nikakimbia nyuma yake kwa sababu tuliambiwa tusiachane. Uani kwake dagaa ambao hawakukauka jana walikuwa wametandazwa tena juu ya nyavu chini. Tukawazoa kwa mikono ndani ya madebe, haraka, bila kusema. Alipomaliza alizishika zile nyavu tupu, moja baada ya nyingine, akaziviringisha kwa urefu, akazikaza kwa goti, na kila moja akaichomeka ncha ndani ili isifunguke.

Matone yalikuwa yameanza. Nilisimama pale na harufu ya dagaa mikononi.

"Kitenge cha mke wangu," nikasema. "Ni wewe."

Aliweka wavu wa mwisho chini ya bati.

"Sijui kukunja nguo za kike," alisema. "Nilijua ile tu."

Niliketi juu ya debe. Kisha nikamwambia asubuhi ile ile, mvuani, kwamba nilimkosea mbele ya watu na jina lile lilitoka mdomoni mwangu. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Kwa nini tumbo?

"Tumbo nilipewa," akasema. "Ningeachiwa kuchagua ningesema jino. Jino angalau mtu anavimba."

Mambo mengine alinieleza mama wa uji siku hiyo hiyo, nikiwa sasa mwanakikundi wa kweli. Miaka ya nyuma, wakati mtaa unakwenda kuzika, kikundi kilikuwa kikimtangaza mtu wa kubaki kulinda. Kilimtangaza palepale msibani, mbele ya kila mtu, na msibani huja kila mtu. Siku moja watu wakiwa makaburini, aliyebaki alipigiwa simu akaambiwa mwanawe amegongwa na pikipiki huko Makoko. Alikimbia. Mtoto alikuwa shuleni, mzima. Aliporudi nyumba nne zilikuwa wazi, pamoja na ya mfiwa. Tangu hapo anayebaki hujulikana na mwenyekiti na yeye mwenyewe. Jioni kabla ya mazishi mwenyekiti humpitia, humwambia amebaki, na humpangia ugonjwa wa kusingizia.

"Hata mfiwa haambiwi?" nikauliza.

"Mfiwa hasa. Mfiwa anazungukwa na watu wote wa dunia. Atamshukuru mmoja kwa sauti, na msiba ujao wezi watajua wamtazame nani. Sisi ni wachache, Fundi. Anayebaki leo, kesho anabaki tena."

"Na akitukanwa?"

"Anatukanwa." Alipangusa kikombe. "Wewe si wa kwanza kutukana. Wala yeye si wa kwanza kutukanwa."

Nilikuwa nimeshainuka kuondoka ndipo nikakumbuka. Mwaka mmoja kabla mke wangu hajaugua, alifariki mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kaburi lilikuwa Nyamuswa. Asubuhi ya safari mke wangu alisema kichwa kinamuuma, hawezi. Nilishangaa, kwa sababu alfajiri nilimsikia akiimba jikoni. Nilimwambia anaiaibisha nyumba. Nilimwambia siku yake ikifika asitegemee watu. Nilisema hivyo hasa, kisha nikapanda gari. Jioni niliporudi alinipa chai na kuniuliza kama watu walikuwa wengi.

Nilimtazama mama wa uji. Sikuuliza. Alinimiminia uji ambao sikuagiza.

Kwa hiyo nilikuwa na madeni mawili ya maneno, na la mmoja halilipiki tena. Lililobaki nililichukulia kwa uzito. Kumwomba jirani radhi mvuani, watu wawili na madebe ya dagaa, haikutosha. Nilimwaibisha mbele ya mtaa, na ilibidi mtaa unione nikimheshimu. Niliirudisha cherehani yangu kutazama geti lake. Niliwaambia vijana wa bodaboda anayetaja lile jina kiti chake kitangoja wiki mbili. Lakini nilijua jambo moja tu lingemaliza kazi, nalo ni kusimama kwenye msiba wake, mbele kabisa, mahali ambapo kila anayehesabu nyuso ataiona yangu.

Sikumwombea msiba. Ulikuja wenyewe. Mama yake, bibi wa miaka mingi, alifariki kwao Bukima. Mtaa ulikodi gari. Nilitoa suti yangu, nikaipiga pasi, nikang'arisha viatu. Saa kumi na mbili jioni mama wa uji akabisha hodi. Hakukaa.

"Kesho wewe mgongo," akasema.

Nilielewa, nikajifanya sielewi. "Mgongo wangu hauna shida."

"Kesho unayo."

"Mama, tafadhali. Mpe mwingine. Huyu lazima niende. Unajua kwa nini lazima niende."

"Najua."

"Wataniona vipi? Niliyemfukuza na samaki wake, halafu mama yake anazikwa sipo? Watasema bado nina kinyongo."

"Watasema." Alitazama suti iliyoning'inia mlangoni. "Umependeza. Itunze, misiba haiishi." Akaenda zake.

Asubuhi nilisimama getini nimejishika kiuno. Gari lilipopita wengine walinipungia, wengine hawakunipungia. Mwanamke mmoja alisema dirishani, si kwa kunong'ona, "Mgongo wa chuki huo." Jirani alikuwa kiti cha mbele. Hakugeuka.

Kisha kukawa kimya. Sijawahi kuusikia mtaa wetu hivyo, mchana kweupe na jua limewaka. Nilianza kuzunguka, na kadiri nilivyozunguka ndivyo udadisi ulivyonishika. Nyumba ambazo nilizijua kwa mbele nilizijua sasa kwa nyuma. Kumbe paka niliyedhani ni wangu anakula nyumba tatu. Kumbe mwalimu mkali wa kona ana bustani ndogo ya maua ndani ya makopo ya rangi. Bomba la uani kwa wapangaji lilikuwa linachuruzika, nikalifunga. Kuku wa mtu walikuwa wametoka. Nikawarudisha kwa mabishano marefu. Nikasimama kwa yule bibi wa miguu mpaka nikasikia sufuria. Nikajiuliza mke wangu alipita wapi siku yake, kama naye alikaa kwenye lile jiwe kubwa ambalo ukikaa unaona milango kumi na moja. Nikakaa hapo. Lilikuwa limelainika kwa kukaliwa.

Mchana pikipiki moja ikaingia polepole, watu wawili, wamevaa makoti. Walitazama nyumba hii, wakatazama ile. Niliinuka. Filimbi ilikuwa mfukoni, lakini ukipiga filimbi kwenye mtaa mtupu unatangaza kwamba ni mtupu.

"Mzee, shikamoo," alisema wa mbele. "Msiba uko wapi hapa?"

"Marahaba. Msiba huu hapa. Watu wako nyuma uani, wanaume kama ishirini, wanachanja kuni. Niwaite?"

Wakatazamana. "Hapana, tutarudi," wakasema, wakageuza.

Hawakurudi. Mpaka leo sijui kama nilifukuza wezi au niliwanyima waombolezaji njia ya Bukima. Niliporipoti, mama wa uji alisema na yeye hajui, na kwamba hivyo ndivyo ilivyo karibu kila mara.

Hakuna nguo iliyokuwa kambani kwa jirani. Nilikwenda kuangalia mara mbili.

Siku ya tatu mkeka ulikuwa uani kwake. Nilikwenda nimevaa suti ile ile. Kaka yake mkubwa, mvuvi wa Bukima mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka majini, alikuwa amekuja naye mjini. Niliponyoosha mkono kwa jirani na kusema pole, kaka akauliza watu, kana kwamba sipo: "Huyu ndiye fundi? Yule ambaye hakuja?"

"Mgongo ulinikamata, kaka," nikasema.

"Mgongo." Akaligeuza neno lile kama samaki anayemtilia shaka. "Mama yetu amezikwa na watu wa visiwani, waliokuja kwa mtumbwi. Wewe wa ukuta kwa ukuta umekaa na mgongo."

Mzee yule yule akakohoa. Nilimtazama jirani. Niliona taya yake ikicheza, na nikajua kwamba neno moja kutoka kwake lingeninyanyua mbele ya mtaa wote, na kwamba hatalisema, na kwamba sitaki aliseme. Alikuwa anatazama chini, ameushika mkono wangu bado. Hakuuachia upesi.

Kisha akalivuta bakuli lililokuwa katikati, sato wa kuchemsha, akalisogeza mpaka likagusa goti langu.

"Nawa, jirani," akasema. "Kula."

Nikanawa. Kaka mtu akasema, "Naona mgongo wake haujafika mdomoni," watu wakacheka, na mimi nikala.